Mabango Sitini ya Korongo

Jumatatu ile nilitembea kwenda kazini polepole makusudi, ili nipate muda wa kutazama kuta. Kutoka kituo cha basi hadi ofisi ya michezo nilihesabu mabango kumi na moja, na kila nililolipita nilitamani kumshika mtu mkono nimwambie, hilo nimelibuni mimi. Picha ya mchezaji wa mpira wa wavu karuka juu, mikono imenyooka, macho kwenye mpira. Chini yake maneno mawili ya bluu: KARIBU NYUMBANI. Pembeni nembo ya serikali na jina la mpango wetu.

Mpango wenyewe ulikuwa wa kupambana na ubaguzi wa rangi kupitia michezo, na mimi nilikuwa afisa wake, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Serikali ilitupa ghala la zamani tukaligeuza ukumbi, ikatupa wavu, mipira, mafunzo ya waamuzi, na kanuni moja niliyoipenda kuliko zote. Likisikika tusi la ubaguzi, mwamuzi anainua kitambaa cha njano na mchezo unasimama mpaka jambo lishughulikiwe. Aliyetukana anachagua: afungiwe mwaka mzima, au aje mazoezini na kwenye mechi mara sita kuwaokotea mipira wale aliowatukana.

Kitambaa kilikuwa kimeinuliwa mara moja tu. Wiki tatu nyuma, mimi nikiwa kwenye semina, mwanamume mmoja kwenye viti alimpigia kelele mchezaji wetu Korongo alipokuwa anajiandaa kuanzisha mpira. Alimwambia achukue rangi yake arudi kwao. Mchezo ukasimama. Yule bwana akachagua kuokota mipira, na kweli akawa anaokota, mtu mwembamba asiye na maneno, anaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kazi yake ya siku zote sikuwahi kumuuliza.

Korongo ndiye huyo kwenye bango. Jina alipewa na wenzake kwa ajili ya urefu wa miguu, naye alilipenda akaliandika hadi kwenye chupa yake ya maji. Siku mbili baada ya tusi lile alirudi mazoezini, akapiga mpira kwa nguvu hadi Nesi, kapteni wetu, akasema, "Mwanangu, mpira haujakukosea."

Jumatatu ile jioni nilitaka niwe mimi wa kumpokea mlangoni. Nilisimama pale na kopi moja ya bango mkononi, nimeikunja vizuri, zawadi yake.

Hakuja.

Jumatano pia hakuja. Simu yake iliita mpaka ikachoka. Nesi alikuwa bado na sare ya hospitali chini ya jezi, kakaa kwenye benchi anajifunga bandeji ya kifundo.

"Afisa," alisema, "Jumamosi ni nusu fainali. Tuko sita pamoja na Korongo. Bila yeye tuko watano, na watano hawaruhusiwi hata kuanza."

"Nadhani ni lile tusi," nikasema. "Mambo kama yale yanachelewa kuuma."

Nesi alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe. "Umemuuliza?"

"Hapokei simu."

"Ana kazi. Kazi ina mlango. Nenda ukabishe."

Kesho yake asubuhi nikaenda. Korongo alifanya kazi kwenye karakana ya miwani, chumba chembamba nyuma ya duka la daktari wa macho. Nilimkuta kainamia mashine ya kusagia vioo, maji yanachuruzika, vumbi jeupe limemtanda vidoleni. Alizima mashine aliponiona, lakini hakunyanyuka.

"Pole na kazi, dada."

"Asante. Kaa, ila usiegemee hapo, kuna gundi."

Nikakaa ukingoni mwa stuli. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, nikayamwaga yote: kwamba namwelewa, kwamba lile tusi si la kumezwa, kwamba ofisi iko pamoja naye. Alinisikiliza huku anafuta kioo kimoja kwa kitambaa laini, anakiinua kwenye mwanga, anakifuta tena.

"Yule bwana," alisema nilipomaliza, "alinitukana mara moja. Kitambaa kikainuliwa, ukumbi mzima ukamgeukia yeye. Nilirudi nyumbani nikala, nikalala. Nyinyi ndio mmenitoa uwanjani."

"Sisi?"

"Umeliona bango?"

"Nimelitengeneza mimi," nikasema, na nilisikia sauti yangu ikipungua kabla sijafika mwisho.

"Basi ngoja nikuhadithie. Nina mteja, mzee mmoja fundi saa. Mwaka wa tisa huu namtengenezea miwani. Juzi kaja hapa, kanishika mkono kwa mikono miwili, kaniambia, karibu sana binti, unauonaje mji wetu?" Aliweka kioo chini. "Mzee yule ana nia njema kabisa. Ndiyo maana sikuwa na la kumjibu. Mimi nimezaliwa hospitali anayofanyia kazi Nesi. Mama yangu pia kazaliwa hapo hapo. Shule nimesoma nyuma ya kituo cha zimamoto. Ananikaribisha wapi?"

Nilitazama mikono yangu.

"Na wewe Afisa, ulihamia hapa lini?"

"Miezi minane iliyopita."

"Nesi je?"

"Miaka sita, nadhani."

"Mlibandikiwa bango?"

"Hapana."

"Haya," akasema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu, tabasamu la upande mmoja. "Karibu nyumbani, dada."

Naapa sijawahi kuaibika vile, na wala hakupaza sauti. Nilimwomba radhi. Alisema amesikia. Nikamuuliza kama atacheza Jumamosi.

"Kutoka hapa hadi kwetu najipita mara tisa. Siku nitakayofika nyumbani bila kukutana na mimi mwenyewe ukutani, nitafua jezi. Sikutumi kitu. Umeuliza, nimejibu." Akawasha mashine.

Kubandua bango la serikali lenye nembo si kama kuanua nguo kambani. Kunahitaji barua, na barua inahitaji saini ya Mkurugenzi, mzee mtaratibu anayevaa sweta hata kukiwa na joto. Nilibisha mlangoni kwake nikiwa nimeshajiona nimerudi kwa mama na begi langu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona kama umetoka msibani?"

Nilimweleza yote, hata la fundi saa, hata la miezi minane. Alivua miwani akaiweka juu ya faili.

"Maneno aliandika nani?"

"Mimi, mzee."

"Na nani aliidhinisha?"

Nikatazama sweta lake.

"Nauliza, nani aliidhinisha?"

"Wewe, mzee."

"Basi tuko wawili, usijibebeshe peke yako. Picha uliomba ruhusa?"

"Ilikuwa kwenye fomu ya kujiunga. Kifungu cha saba."

"Kifungu cha saba nilikiandika mimi, na hata mimi sijawahi kukisoma." Alivuta karatasi, akaanza kuandika kwa mkono, mistari minne tu. Kisha akasimama kidogo, kalamu hewani. "Nimekaa ofisi hii miaka ishirini na mbili. Tumezoea kwamba ukitaka kumtendea mtu wema, unaanza kwa kuchapisha. Yabanduliwe yote kabla ya Jumamosi. Na tafadhali, binti, usibandike tangazo la kuomba radhi kwamba tulibandika tangazo."

Nilitoka pale miguu myepesi. Barua mkononi, nikaenda kwa karani anayeshughulika na vibarua, nikamuuliza aliyebandika ni nani, maana yeye ndiye anayejua kila ukuta. Akanipa namba. "Mji huu una mbandika matangazo mmoja tu," alisema. "Ukiona tangazo la harusi, la mganga wa meno, la chumba cha kupanga, ni yeye."

Ijumaa saa moja asubuhi alinisubiri nje ya ofisi na baiskeli yake, ngazi imefungwa ubavuni, ndoo inaning'inia kwenye usukani. Nilisimama katikati ya lango. Alikuwa yule yule mwokota mipira.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Afisa."

"Ulijua aliyeko kwenye picha ni nani?"

"Nilikuwa naye uso kwa uso mara sitini. Nisingemjuaje?"

"Na ukabandika tu."

Alijikuna shingo. "Nilidhani ni sehemu ya adhabu. Nikasema, hawa watu wa serikali wana akili kweli. Mipira mara sita, sura mara sitini."

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka, kisha nikaona aibu ya kucheka. Yeye hakucheka. Alianza kuisukuma baiskeli, nami nikamfuata.

Kazi ile ina namna yake. Anachanganya maji ya moto na sabuni, analowesha karatasi kwa brashi pana, halafu anasubiri. Mimi mara ya kwanza nilivuta kwa haraka ikachanika usoni kabisa, likabaki jicho moja linatutazama.

"Usikimbilie," akasema. "Iache karatasi ilowe. Anza pembeni, uje katikati. Kubandika ndiyo unaanza katikati. Unapaka gundi usoni kwanza, unasawazisha kwa kiganja kwenda nje." Alilowesha bango lililofuata. "Sasa hebu fikiria. Mtu uliyemwambia maneno yale, halafu unampapasa uso kwa kiganja, ukuta baada ya ukuta. Nilipofika la ishirini hivi, mkono ukawa mzito."

"Kwa nini ulimwambia maneno yale?"

Alibandua kipande kirefu, kikatoka kizima, akakikunja. "Timu ya dada yangu ilikuwa inashindwa. Nilitafuta kitu cha kurusha. Hilo ndilo lililokuwa karibu." Kisha, bila kunitazama, "Tulisoma shule moja. Alikuwa madarasa mawili nyuma yangu. Nilimwambia arudi kwao na mimi najua kwao ni hatua mia tatu kutoka kwetu. Nilipokuwa nalisema nilijua nasema uongo. Hilo ndilo silielewi mpaka leo."

Nikashika ngazi.

Saa nane Nesi alitufikia akitokea zamu, na wachezaji wengine watatu nyuma yake kila mmoja na kisu cha kupakia siagi. Mmoja wao, dereva wa gari la taka, alikuja na gari lenyewe, akaliegesha katikati ya barabara kama mwenye mji. Mwenye duka moja la viatu alitoka kutuuliza tunabandua kwa amri ya nani. Nikamwonyesha barua. Akaisoma mara mbili.

"Lakini lilikuwa zuri," akasema.

"Picha ni nzuri," Nesi akamjibu. "Huyo kazaliwa wodi yangu, baba. Anakaribishwa kwake?"

Mwenye duka alifikiri. Akaingia ndani, akarudi na birika la maji ya moto.

Kila bango lililotoka, mbandika alichora mstari kwa chaki kwenye fremu ya baiskeli. Kufika saa kumi na moja mistari ilikuwa hamsini na tisa. Lililobaki lilikuwa kwenye kituo cha zimamoto, nyuma kabisa ya mtaa wa kina Korongo, nasi tukaliendea wote kama watu wanaokwenda kupokea mahari.

Halikuwapo. Ukutani palikuwa na mraba safi wenye alama za gundi pembe nne. Hapakuwa na hata uzi wa karatasi.

"Huyu alilowesha," mbandika akasema, akigusa ukuta kwa kidole. "Kalichukua zima. Halijachanwa."

Tulitazamana. Kila mtu aliwaza lake, na mimi niliwaza mabaya tu. Mtu analichukuaje bango zima kama hana mpango nalo? Nililiona limechorwa pembe na masharubu, limebandikwa mlangoni mwa ukumbi asubuhi ya mechi. Nesi akanipiga begani.

"Nenda ukapumzike, Afisa. Hamsini na tisa si haba."

Lakini Korongo hakusema hamsini na tisa. Alisema bila kujiona hata mara moja.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa tisa. Timu pinzani ilishavaa, inanyoosha viungo. Mbandika alikuwa mlangoni na mfuko wa mipira, siku yake ya sita na ya mwisho. Mkurugenzi naye alikaa safu ya mbele, sweta mwilini, na mimi nilizunguka nje ya jengo mara nne nikikagua kuta. Hakuna kitu.

Katikati ya uwanja hapakuwa na wavu. Timu yetu ina desturi moja iliyoanza kabla sijafika: aliyekosea mchezo uliopita ndiye anayebeba nguzo mbili za chuma kutoka stoo, na nguzo zile ukizishika unadhani zimejazwa mchanga. Siku ile Nesi alikuwa amekalia ufunguo wa stoo.

"Kapteni, wavu," mwamuzi akasema.

"Wavu hausimamishwi kwa ajili ya watu watano, mwamuzi."

"Una dakika kumi na tano. Baada ya hapo naandika mmeshindwa."

"Andika ukifika wakati wake. Sasa hivi bado."

Nilikaa karibu na mlango. Dakika kumi zilipita. Dereva wa gari la taka alifungua na kufunga kamba za viatu. Dakika ya kumi na mbili mwamuzi alitoa kalamu mfukoni, na ndipo niliposikia nyuma yangu sauti ya mwanamke mtu mzima ikiuliza, "Kuna ngazi hapa au macho yangu?"

"Ngazi moja tu, mama," akajibu mwingine. "Inua mguu."

Alikuwa Korongo, jezi imepigwa pasi, chupa ya maji kwapani, amemshika mkono mama yake. Niliinuka haraka hadi nikaangusha kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Afisa?" Alinitazama juu hadi chini. "Mdogo hivi. Nilidhani ni mtu mzima aliyekosa akili."

"Mama," Korongo akasema.

"Nasema mdogo, namtetea." Akanigeukia. "Jana jioni huyu kaja nyumbani hana hata pumzi. Nikamuuliza kuna nini, akasema, mama, nimetembea njia nzima, sijajiona. Kakaa kwenye ngazi za nyumba kacheka peke yake. Nikajua leo nitaletwa kwenye mpira."

"Mama, lile la zimamoto," nikasema, maana nilikuwa naliwaza tangu jana. "Hatukulikuta. Naogopa kuna mtu kalichukua."

"Kuna mtu kalichukua," akasema bila wasiwasi. "Nililichukua mimi, Jumanne, na beseni la maji. Mtoto wangu hajawahi kupigwa picha nzuri kama ile. Yale maneno nimekata kwa mkasi. Picha iko sebuleni."

Korongo alifunika uso kwa kiganja. "Kubwa kama mlango," akasema. "Wageni wanaogopa."

Nilicheka na machozi yalinitoka, nikayafuta kwa kadi yangu ya kazi kwa kuwa sikuwa na kitu kingine.

Mbandika alikuwa hatua tano kutoka hapo, mfuko wa mipira mkononi. Aliuweka chini akaja.

"Dada," akasema. "Niliyosema siku ile nilijua ni uongo, na nikayasema. Nisamehe."

Korongo alimtazama kwa utulivu ule ule wa kukagua kioo kwenye mwanga.

"Nimekusikia," akasema. "Bado hatujamaliza mimi na wewe. Lakini nimekusikia. Nesi kaniambia ulivyobandua."

"Siku zangu sita zinaisha leo."

"Jumatatu tunaanza saa kumi na moja. Mipira haijiokoti." Akamkabidhi chupa ya maji amshikie, akaingia uwanjani.

Nesi alinyanyuka kutoka kwenye ufunguo wake. "Nguzo," akatangaza. "Nani alikosea mchezo uliopita?"

Hakuna aliyenionyesha kidole. Niliinua mkono mwenyewe. Mbandika naye akainua wake. Tuliingia stoo, tukashika nguzo ya kwanza, yeye mbele mimi nyuma, na tulipotoka nilihisi uzito umepungua ghafla mikononi mwangu. Nikageuka. Mkurugenzi alikuwa ameshika mwisho wa nguzo, sweta limepanda hadi tumboni, anahema.

"Tuko wawili," akasema. "Nilikwambia. Twende, kabla mgongo haujajua."

Tukasimamisha ya kwanza, tukarudia ya pili. Wavu ukavutwa, ukakazwa. Mwamuzi akarudisha kalamu mfukoni, akaangalia saa, akapuliza filimbi. Korongo akachukua mpira, akaudundisha mara tatu kama kawaida yake, na kwenye viti mtu mmoja akaita kwa sauti ya juu. Niligeuka haraka. Alikuwa mzee mmoja, na kwa alichosema nikajua ndiye yule fundi saa: "Piga, fundi wangu wa miwani."

Akapiga.

Mkurugenzi alikaa karibu nami akijipepea kwa ratiba ya mashindano. "Kwenye ripoti yako," aliuliza, macho kwenye mpira, "mabango yaliyobaki mjini ni mangapi?"

"Moja, mzee. Sebuleni kwa mama yake."

Alifikiri kidogo.

"Hilo liache," akasema.